BATI LA KUKINGA MOTO LIRUDISHWE MAHALI PAKE



Leo twaandika juu ya kipande cha bati. Msomaji asicheke, wala asifunue ukurasa wa pili kutafuta habari za mishahara, kwa maana habari hii pia ni ya mshahara, tena ni ya ngozi na ya uhai. Bati tunalolisema ni lile jembamba linalofunika bomba la moshi na tabo ndani ya boneti ya gari. Katika gereji nyingi za Kitengela, na katika zile zilizo kando ya barabara ya Namanga mpaka Kajiado, bati hilo likifunguliwa mara moja halirudi tena. Hutupwa penye vyuma chakavu, na gari hutoka likiwa uchi. Mwenye gari haoni tofauti. Fundi amepunguza kazi ya nusu saa. Dereva ndiye anayepanda na kukaa karibu na moto ule siku nzima. Sisi twasema jambo hili ni baya, na twasema kwamba wanaolipa hasara yake si wale wanaopata nafuu yake.

Huenda mtu akauliza, chama cha watu wa reli kina shughuli gani na boneti za magari? Tutamjibu. Wengi wetu tunakaa Kitengela na twasafiri kila siku kwa matatu. Wengine wako katika magenge ya njia, na genge halifiki kazini kwa miguu siku hizi, huchukuliwa kwa gari la kukodi. Wengine tena wamejinunulia gari dogo kutoka Japani lililotumika, na vijana wetu wapenda sana zile zenye tabo. Basi jambo limo nyumbani mwetu, nasi hatuna budi kulizungumza.

Tena kuna sababu nyingine. Moto ni kazi yetu tangu zamani. Mtu akienda kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi ataiona injini ya mvuke namba 5918, iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya zile Garratt kubwa 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Ukiitazama utafikiri chuma kile cha mviringo unachokiona ndicho boila. Sivyo. Hilo ni koti la bati tu. Boila lenyewe liko ndani, na katikati huwekwa kitu cha kuzuia joto lisitoke. Wazee waliojenga injini za mvuke walifanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, joto likikaa ndani hufanya kazi, na likitoka nje ni makaa au mafuta yaliyopotea. Ya pili, dereva na mpiga moto ni watu, wanapita kando ya chuma hicho usiku na mchana. Hakuna fundi wa reli aliyewahi kutupa koti la boila kwa kusema kwamba linapiga kelele.

Injini zetu za dizeli zilipokuja hazikuondoa jambo hili, zilizidisha. Injini kubwa za dizeli za njia kuu zina tabo, sawasawa na gari dogo, ila tabo ya injini ya reli mtu mmoja hawezi kuinyanyua. Kila mtu wa karakana anajua kwamba mahali pale hapaguswi kwa mkono mtupu, na kwamba tone la mafuta juu ya manifoldi si uchafu tu, bali ni kiberiti kinachongoja.

Tueleze kwa ufupi tabo ni nini, kwa faida ya wale wasioijua. Injini ikichoma mafuta, karibu theluthi moja ya nguvu ya mafuta yale hutoka kwenye bomba pamoja na moshi na kupotea. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha haki ya uvumbuzi wake mwaka 1905, wa kutumia moshi huo kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo lizungushe jingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yaweza kuchomwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Ndiyo tabo. Katika gari dogo gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Ni kitu kizuri, nasi hatukipingi. Lakini chakula chake ni moshi wa moto, nayo lazima ikae mlangoni pa injini, mahali pale pale penye joto kuliko pote.

Joto lenyewe ni kiasi gani? Katika injini ya dizeli inayovuta mzigo, moshi unaoingia katika tabo waweza kufika nyuzi 600 au 700 za sentigredi. Katika injini ya petroli hupita 900. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kikikaribia nyuzi 600. Sasa fikirini, ndugu zetu, ndani ya boneti hiyo hiyo kuna mipira, kuna nyaya zenye ngozi ya plastiki, kuna betri, kuna mafuta ya breki, kuna petroli au dizeli yenyewe, na vyote vimebanwa katika nafasi isiyozidi ukubwa wa meza.

Joto husafiri kwa njia tatu. Hupita ndani ya chuma, hupanda na hewa, na huruka kama mwanga wa jua bila kugusa kitu katikati. Njia hii ya tatu ndiyo yenye hila, kwa maana nguvu yake haiongezeki polepole. Bomba la nyuzi 600 halitupi joto mara mbili ya bomba la nyuzi 300, hulitupa mara tano na zaidi. Na dawa ya njia hii ya tatu ni rahisi ajabu. Weka bati moja katikati, lisiguse bomba, na hewa ipite pande zote mbili. Bati hilo peke yake hupunguza joto linaloruka kwa nusu, na likiwa linang'aa hupunguza zaidi sana. Hii ndiyo kazi ya kile kipande kinachotupwa. Halikuwekwa kwa urembo. Mtu wa kiwandani hatii bati na boliti nne katika kila gari, maelfu kwa maelfu, kama hakuna haja, kwa sababu kila boliti ni gharama kwake.

Na nchi yetu hii huzidisha taabu. Kajiado iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kitengela si chini sana ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Kwa hiyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuijaza injini kama ilivyokuwa pwani, na hewa ile ile nyepesi haipoozi chuma vizuri. Maji nayo huchemka mapema: katika sufuria ya mama Kajiado huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho pwani kingevumiliwa, huku huleta mvuke barabarani.

Ongeza sasa msongamano wa magari. Gari likienda, upepo hupita ndani na kulipooza. Likisimama katika foleni ya jioni pale Kitengela, malori ya simenti mbele na nyuma, upepo hakuna. Joto lote lililokuwa likichukuliwa na upepo hubaki chini ya boneti na kuiva humo. Dereva huona gari limekuwa zito kuondoka, naye hukanyaga zaidi, na kukanyaga zaidi ni kuongeza moto. Hewa inayoingia katika injini ikipanda nyuzi 10 hupungua uzito kwa kama sehemu 3 katika 100. Ikipanda nyuzi 40, hesabu mwenyewe ni nguvu kiasi gani umeinunua kwa mafuta na kuitupa.

Tutoe mifano miwili ya magari tunayoyajua sote. Wa kwanza ni Toyota Hiace, ile matatu ya watu 14 ambayo wengi wetu bado twaiita Nissan kwa mazoea. Nyingi za siku hizi ni za dizeli, nazo zina tabo. Injini yake haiko mbele ya dereva. Iko chini ya viti vya mbele. Dereva na abiria wawili wa mbele wamekalia injini, na kati yao na manifoldi kuna kifuniko, zulia na mabati ya kukinga. Fundi akiondoa bati moja, akaliacha zulia limepasuka, akarudisha kifuniko bila mpira wake wa pembeni, basi dereva hupikwa. Anakaa hapo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku. Mtu aliyechoshwa na joto husinzia, hukasirika, hukosa hesabu ya umbali. Hatuhitaji daktari atuambie hivyo.

Mfano wa pili ni Subaru yenye tabo, kipenzi cha vijana. Katika nyingi za injini zake za zamani za aina ya EJ, tabo imekaa nyuma, upande wa kulia. Gari likiwa na usukani kulia kama yetu, upande huo huo ndio penye tangi na silinda kuu ya breki. Yaani moto na breki ni majirani. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishakunywa unyevu wa hewa kwa muda huweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka hufanya mapovu, na povu halisukumi breki, hushindiliwa tu. Mguu unakwenda mpaka chini na gari halisimami. Sasa, kijana ametoa bati la tabo ili watu walione likimetameta akifungua boneti. Amejivunia kitu gani?

Tuje kwenye moto wenyewe. Dizeli ikipata joto la kutosha hushika moto yenyewe bila cheche. Oili ya injini ni vivyo hivyo. Mpira mdogo wa kurudisha dizeli ukipasuka, au gasketi ya juu ya injini ikivuja, na mafuta yakadondokea tabo iliyo uchi, haihitajiki kiberiti. Watu wa meli wamelijua jambo hili kwa kuunguliwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, uitwao SOLAS, waamuru kwamba katika chumba cha injini ya meli, kila mahali penye joto linalopita nyuzi 220, panapoweza kurukiwa na mafuta mfumo ukiharibika, pafunikwe vema. Meli zinazoingia Mombasa hufuata sheria hiyo. Je, maisha ya mabaharia ni ghali kuliko ya abiria 14 wa Kitengela? Moto ni ule ule na dizeli ni ile ile.

Kuna moto wa pili ambao watu wa mjini huusahau, nao ni wa nyasi. Chini ya gari, bomba na kile chombo cha kusafisha moshi huwa na joto kali, na hapo pia kiwanda kiliweka bati. Siku ya mnada wa ng'ombe pale Ilbissil, au kwenye mkutano wowote wa uwandani, magari huegeshwa juu ya majani makavu. Mwezi wa Septemba majani hayo ni kama karatasi. Gari lisilo na bati la chini, lililotoka mbio kutoka Kitengela, laweza kuwasha uwanda. Wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi sana katika ukame wa miaka ya 2020 mpaka 2023, nao wanajua thamani ya kila jani lililobaki. Mtu atakayewachomea malisho kwa sababu ya bati la bei ndogo atawajibu nini? Kwa hiyo twasema kwa kila dereva: usiegeshe penye majani marefu makavu, tafuta udongo mtupu au kokoto, hata kama ni mbali kidogo.

Sasa tusikilize hoja za mafundi, maana mafundi wa gereji ni wafanyakazi kama sisi na hatuandiki kuwatukana. Wao husema, bati linapiga kelele. Ni kweli, hupiga kelele, kwa kuwa boliti moja imekatika kwa kutu na tundu limepanuka. Dawa yake ni boliti mpya na washa pana, kazi ya dakika kumi. Hawatupi mlango wa gari ukigonga. Husema tena, bati linazuia spana. Ni kweli pia, lakini gari halitengenezwi kwa ajili ya spana. Husema, mwenye gari hataki kulipia saa ya kulirudisha. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nasi tutarudi hapo.

Wako pia wale wanaosema, tutazungushia bomba utepe wa kuzuia joto, ule unaofanana na bendeji, basi bati halina kazi. Utepe huo unafaa, hatukatai. Huzuia joto ndani ya bomba, na moshi ukibaki na moto wake hufika kwenye tabo na nguvu zaidi. Lakini una masharti yake. Chuma kilichofungwa huwa na joto zaidi kuliko kilichoachwa wazi, na manifoldi ya chuma cha kumimina iliyokwisha kuwa na ufa itapasuka upesi. Utepe hunywa maji ya mvua na ya kuoshea gari, ukayaweka juu ya chuma, na bomba la chuma cha kawaida huoza ndani yake bila kuonekana. Tena utepe ukilowa oili hugeuka utambi wa taa. Atakayeutumia aukague kila mara, na ukilowa mafuta autoe siku hiyo hiyo.

Jambo moja tunalionya kwa nguvu. Zamani kitu kilichotiwa chini ya koti la boila mara nyingi kilikuwa asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na kukaa miaka mingi, kisha huleta ugonjwa usio na tiba. Kwa hiyo, fundi akikuletea kamba au nguo ya kale ya kijivu, nyeupe au ya buluu iliyotoka katika mashine ya zamani, akisema kwamba hiyo ndiyo dawa halisi ya joto, usiikate, usiipeperushe, usiipeleke nyumbani. Kuponya mkono kwa kuua pafu si akili.

Basi afanye nini mtu ambaye bati lake limekwisha potea? Asikate tamaa. Mafundi wa jua kali wa Kitengela wanaweza kulitengeneza kwa mikono yao, nao wametengeneza vitu vigumu kuliko hivyo. Sufuria kuukuu ya alumini ikikatwa na kunyooshwa ni bati zuri kwa mahali pasipogusana na bomba, kwa maana inang'aa na ni nyepesi. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo iwe mbali na tabo yenyewe. Hapo karibu na tabo yatakiwa bati la chuma kisichoshika kutu. Mabati ya paa yenye zinki hayafai karibu na tabo, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na ikizidi kuungua moshi wake huumiza kifua. Bati liache nafasi ya upana wa kidole kati yake na bomba, lifungwe kwa boliti za chuma, lisifungwe kwa plastiki wala kwa waya wa umeme. Mipira na nyaya zinazopita karibu zisogezwe kwanza, na zisizosogezeka zivalishwe soksi ya kuzuia joto. Kabla ya yote hayo, kila mvujo wa oili na dizeli uzibwe. Bati juu ya mvujo ni kufunika kombe.

Vijana wengine huinua nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke. Gari likiwa limesimama, kweli hutoka. Likienda mbio, mahali pale mbele ya kioo upepo hugonga na kusukuma, hivyo hewa yaweza kuingia badala ya kutoka, na harufu ya injini ikaingia chumbani mwa abiria. Afadhali kurudisha kile kifuniko cha chini ya injini na vizuizi vya pembeni ya rejeta, ambavyo navyo hutupwa, kwa kuwa hivyo huongoza upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka.

Na dereva naye ana sehemu yake. Usizime injini ghafula baada ya kupanda mlima na mzigo. Oili iliyobaki katika tabo huungua humo na kuwa makaa, na siku moja njia ya oili huziba na tabo hufa. Nenda taratibu katika kilomita za mwisho, kisha iache injini ingurume dakika moja au mbili ndipo uizime. Na injini ikichemka, usimwage maji baridi juu ya manifoldi wala usifungue rejeta kwa haraka. Chuma cha kumimina hupasuka, na mvuke hauchagui uso wa kuunguza.

Sasa turudi kwenye kiini. Nani alipe? Dereva wa matatu analetewa hesabu yake ya siku, na hesabu hiyo haipungui kwa kuwa injini inachemka. Akisimama dakika mbili ili tabo ipoe, mwenzake amepita na abiria. Akisema gari lipelekwe gereji bati lirudishwe, siku hiyo hana mshahara. Mwenye gari yuko nyumbani, hasikii joto. Fundi analipwa kwa kazi iliyoonekana, na bati halionekani boneti ikifungwa. Kwa hiyo kila mtu anaokoa shilingi chache, na shilingi hizo zote zinatoka katika mwili wa mtu mmoja. Mpango wa namna hii sisi wa reli twaujua sana. Si ajali, wala si mapenzi ya Mungu. Ni hesabu ya watu, na hesabu ya watu hubadilishwa na watu.

Hata sisi limetufika. Liko gari moja la kukodi lililokuwa likichukua genge la njia, lililokuwa na sakafu ya moto kiasi ambacho watu walikuwa wakiinua miguu, na harufu ya mpira unaoungua ilikuwa desturi. Watu waliposema, walijibiwa kwamba gari limepita ukaguzi na asiyetaka ateremke atembee. Hatutaji jina, kwa maana nia yetu si kugombana na mtu mmoja. Twataja desturi. Mtu atakayefanya kazi ya nyundo na mataruma chini ya jua kutwa nzima, haifai afike kazini amekwisha kuokwa.

Sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aliyeona hatari kubwa ya karibu amwarifu msimamizi wake mara moja, nayo yakataza mwajiri kumrudisha mtu mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Yataka pia kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa mwajiri na watu wa wafanyakazi. Kwetu sisi gari linalotuchukua kazini ni sehemu ya kazi, nalo likaguliwe na kamati kama nguzo na winchi zinavyokaguliwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo yajadiliwe katika mikutano ya matawi. La kwanza, gari lolote la kukodi lisichukue genge mpaka mjumbe wa kamati ya usalama afunue boneti na kifuniko cha viti, aone mabati yote yapo, hakuna mvujo, na kizima moto kipo mahali mkono unapofika. La pili, mkataba wa gari la kukodi uandike hivyo, ili gharama iwe juu ya mwenye gari, isiwe juu ya dereva wake. La tatu, kila mwanachama mwenye gari lake mwenyewe aanze nalo. Hatuwezi kumdai mwingine bati wakati letu limo katika vyuma chakavu. La nne, tuzungumze na mafundi na madereva wa Kitengela na Kajiado kama ndugu, tuwaonyeshe kazi hii, na fundi akikataa kutoa gari bila bati, wateja wake tuwe sisi.

Mtu atasema, hayo ni mambo madogo, chama kingoje makubwa. Sisi twaona kwamba mtu aliyezoea kunyamaza kwa dogo hafunguki mdomo kwa kubwa. Bati ni jepesi, boliti nne zalishika. Genge lililoweza kusimama pamoja na kusema hatupandi mpaka boliti hizo zifungwe limekwisha jifunza kazi yote ya chama. Hapo ndipo tuanze, tena juma hili.